Suruali za Mwanjelwa na SIDO: maoni ya mtu mfupi mwenye mapaja

Nina futi tano na inchi tano. Kiuno changu ni 35 kabla ya kula na 36 baada ya ugali, na mapaja nimeyapata enzi nikicheza beki. Maduka ya nguo mwili wa namna hii hayaujui. Kazi yangu ni upimaji wa ardhi, kwa hiyo suruali moja inatakiwa ichuchumae nami kwenye bikoni, alama ya mpaka wa kiwanja, asubuhi kule Mbalizi, ipande bodaboda, halafu mchana iingie ofisi ya halmashauri isionekane imetoka shambani. Suruali nyingi zinashindwa kabla hata ya bodaboda.

Nianze na hukumu, asiye na muda aishie hapa. Kwa mwanaume wa Mbeya mwenye kipato cha kawaida, hela ya suruali igawe sehemu mbili: moja kwa muuza mtumba wa gredi nzuri, nyingine kwa fundi cherehani. Suruali mpya ya bei ya kati, zile zinazoning'inia mlangoni na mfuko wake wa nailoni, iache. Suruali mpya ya bei ya juu ni habari nyingine na mimi si mteja wake.

Kuhusu hizo mpya nina ushahidi wa mwilini. Mwaka jana nilinunua kadeti kwenye duka moja la mjini, silitaji jina, kwa elfu thelathini na mbili. Saizi 36 ilifunga kiunoni vizuri kabisa ila mapajani ikakwama kama soksi. Kijana wa duka hakuhangaika, akaniletea 38. Mapaja yakaingia, kiuno kikapwaya. "Utafunga mkanda, bosi." Ndiyo dawa yao ya kila kitu, mkanda. Nikaichukua kwa sababu kesho yake nilikuwa na kikao, na mkanda ukaikusanya nyuma mpaka nikaonekana nimefunga kanga ndani. Kabla rangi yake haijapauka, mshono wa msamba uliachia nikiwa nimechuchumaa mbele ya mwenye shamba, mkewe na mwenyekiti wa kitongoji. Nilipoigeuza ndani nikaona sababu: mshono mmoja mwembamba na ovaloki, ule uzi wa kuzuia ukingo usifumuke, basi. Sehemu inayovutwa kuliko zote imeshonwa kama foronya.

Suruali nyingi za namna hiyo zimekatwa kwa kijana mwembamba wa modo, halafu zinakuzwa kiunoni tu ili zifike 36 au 38. Paja halikui kwa uwiano. Kwa hiyo ukipanda saizi unanunua kiuno usichokihitaji ili upate paja ambalo bado halitoshi.

Mimi nachagua suruali kuanzia tako na paja, kiuno nakifikiria mwisho. Watu wengi wanafanya kinyume, na muuzaji ndivyo anavyopenda, kwa maana kiuno ndicho kilichoandikwa kwenye lebo. Lakini muulize fundi yeyote kipi anaweza kurekebisha. Kiuno atakipunguza kwa mshono wa nyuma. Urefu atakata. Mguu mpana ataubana. Paja linalobana, hasa la jinzi, hana la kufanya, maana ndani hakuna kitambaa cha akiba, na mshono wa jinzi umekunjwa ukashonwa mara mbili. Kina cha msamba ndiyo kabisa. Suruali iliyokatwa fupi kutoka kiunoni hadi msambani itakushuka ukikaa mpaka siku utakayoigawa.

Dalili zinaonekana ukiwa umesimama tu. Mikunjo inayotoka kwenye zipu kwenda pande zote mbili, kama masharubu, ni paja au nyonga inabana. Mifuko ya pembeni ikifunguka midomo yenyewe, nyonga inabana. Kitambaa kikilegea chini ya tako, hiyo imekatwa kwa mtu mwingine, mwachie. Halafu ukae. Halafu uchuchumae. Halafu unyanyue mguu kana kwamba unapanda pikipiki. Muuzaji atacheka, mwache acheke.

Sasa pa kununulia. Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, ndiyo jina kila mtu analijua, lakini biashara ya mtumba imetawanyika. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, wafanyabiashara wengi wakahamia eneo la SIDO, ambalo nalo limewahi kuungua, na ndiyo maana leo ukisema unakwenda Mwanjelwa kununua suruali mtu atakuuliza: Mwanjelwa ipi, sokoni au SIDO? Mimi naanzia SIDO kwa sababu ya wingi. Kuna za kwenye turubai chini, bei moja kwa zote, unainama na kuchambua na wenzako. Kuna za kwenye henga, zimeshachaguliwa kutoka kwenye belo na kupigwa pasi, na bei yake imepigwa pasi pia. Za turubai zinafaa kwa suruali ya shamba. Za ofisi nanunua za kwenye henga na sioni haya, kwa sababu yule mama ameshanifanyia nusu ya kazi ya kuchambua.

Mama ninayenunua kwake ana ulimi mtamu na macho ya kupima watu.

"Kaka, hii 34 inakutosha, vuta tumbo kidogo."

"Mama, tumbo silivuti hata kwa daktari."

"Basi chukua hii, Mjerumani huyu. Kumi na nane."

"Kumi na mbili."

"Ndaga, kaka," akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Kumi na mbili inatosha mguu mmoja. Wa pili unavaa nini?"

Tukaachana kwenye kumi na nne, na nadhani kumi na nne ndiyo aliyoipanga tangu aliponiona natokea.

Chumba cha kujaribia hakuna. Anakushikia kanga, au unajibanza nyuma ya henga. Mimi navaa bukta nyepesi ndani siku ya kwenda sokoni, maisha yanakuwa rahisi. Wengine wanatumia ile njia ya shingo: unafunga kifungo, unazungusha kiuno cha suruali shingoni, ncha mbili zikikutana kisogoni basi inakutosha. Kwa kiuno inakaribia ukweli kwa watu wengi, siikatai. Lakini shingo haijui lolote kuhusu paja, na mwenye shingo nene kama yangu anarudi nyumbani na suruali ya baba yake.

Mimi nabeba futi, ile tepu ya fundi, si kwa sababu ya ujuaji bali kwa sababu ndiyo kazi yangu na siamini kitu nisichokipima. Nilichukua suruali yangu moja inayonikaa vizuri kuliko zote, nikailaza mezani na kuandika kwenye simu namba nne: kiuno kikiwa kimelazwa, inchi 18, paja inchi moja chini ya msamba, 13 na nusu, kutoka msamba hadi juu ya kiuno kwa mbele, 11 na nusu, mguu kwa ndani, 28. Nikifika sokoni naanza na paja. Isipofika 13, naiweka chini hata kama imeshonwa na malaika. Kabla hujaanza kuvua viatu umeshaondoa rundo zima la zisizokufaa, na muuzaji anakuheshimu kidogo.

Kuhusu lebo, hapa ndipo wafupi tunapoteza bahati bila kujua. Suruali za Ujerumani zina namba za kawaida 48, 50, 52, ambazo kwa inchi za kiuno ni karibu 32, 34 na 36. Lakini wana namba nyingine ndogo: 24, 25, 26, 27. Watu sokoni wakiona 25 wanadhani ni ya mtoto au ya msichana mwembamba, wanaitupa pembeni. Ile ni ya mwanaume mfupi mwenye mwili! 25 ni 50 iliyokatwa fupi, 26 ni 52 iliyokatwa fupi. Ninyi warefu wembamba nanyi mna zenu, 94, 98, 102, usidhani ni kiuno cha tembo: 98 ni 50 ya mguu mrefu, mwili mwembamba. Tangu nilipoijua hesabu hii, 26 za Mjerumani nazitafuta kama mtu anayetafuta kadi yake ya benki. Hazipatikani kila siku, lakini zikipatikana hakuna wa kugombana naye.

Mtaliano anaandika 48, 50, 52 pia. Ondoa 16 upate inchi za kiuno. Mmarekani anaandika kiuno na mguu wazi, 36 kwa 30, ila humfurahisha mteja: 36 yake mara nyingi ukiipima ni 37 au 38. Suruali za China nyingi zina namba mbili zenye mkwaju, mfano 165/92. Ya kwanza ni urefu wa mtu kwa sentimita, ya pili kiuno chake, na mwishoni kuna herufi: Y ni mtu mwembamba sana kiunoni kuliko kifuani, A wa kawaida, B aliyejaa, C mwenye kitambi. Mimi ni 165/92 kamili, herufi yangu mtajaza wenyewe. Hata hivyo lebo ni utambulisho tu. Suruali ya mtumba imeshafuliwa, pengine imeshapitia kwa fundi wa huko kwao. Futi ndiyo inasema kweli.

Kufuliwa huko ni faida, na watu hawaihesabu. Pamba mpya hurudi, hasa mguuni, ukiifua mara ya kwanza au ya pili. Ukimpa fundi akate kabla ya kuifua, ikirudi unaonyesha soksi. Ya mtumba imesharudi ilikorudi, unachopima leo ndicho utakachovaa. Mpya ya pamba ifue kwanza, ndipo uipeleke kwa fundi.

Ukaguzi wa kitambaa nafanya haraka. Naishika sehemu ya ndani ya paja, naielekeza juani. Ikionyesha mwanga zaidi kuliko kwenye goti, imelika, na hiyo haitibiki. Makalio yanayong'aa ni pasi ya moto iliyopita moja kwa moja juu ya kitambaa chenye poliesta, au ni kiti cha ofisi cha miaka mingi. Vijinyoya vilivyojiviringa katikati ya mapaja havinitishi sana, ila nashusha bei. Goti lililovimba mbele kwenye suruali ya kuvutika linamaanisha mpira umechoka. Asilimia mbili tatu za mpira kwenye lebo zinanitosha, zaidi ya hapo suruali inakaa vizuri asubuhi na kuchoka saa nane. Zipu: ishushe nusu, kilimi kikiwa kimelala, halafu vuta pande mbili. Ikishuka yenyewe, ndivyo itakavyoshuka mkiwa kikaoni. Jinzi natafuta zipu ya chuma. Zile za vifungo tupu mbele, mtindo wa Levi's 501, ni imara, lakini Uyole asubuhi ya Julai, vidole vimeganda na haja imebana, utaniambia.

Kisha geuza nyuma. Suruali ya kitambaa iliyoshonwa kwa akili ina mkanda wa kiuno uliokatwa katikati kwa nyuma, na ndani ya mshono wa tako kuna kitambaa cha akiba, inchi nzima au zaidi. Aliyeishona alijua watu hunenepa. Ukiikuta hivyo, ichukulie kama dalili kwamba na kwingine hawakubania.

Na sasa sufu, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Kwenye zile henga za suruali za kitambaa kuna suruali za sufu halisi, nyepesi, laini, zinazouzwa bei ileile ya poliesta kwa sababu watu wa kwetu wakisikia sufu wanawaza sweta. Lebo nyingi zimekatwa, kwa hiyo unahitaji mkono. Ikunje kiganjani kwa nguvu kisha iachie: sufu hujikunjua yenyewe, pamba hubaki na makunyanzi. Ukitaka uhakika, ukishainunua fundi atachomoa uzi mmoja kwenye pindo na kuuchoma. Sufu inanuka nywele iliyoungua na majivu yake yanasagika. Poliesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Pamba inaungua kama karatasi. Fundi wangu anafanya hivyo kwa kiberiti cha sigara huku akiendelea kuongea habari za mpira.

Kwa mji ulioko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, wenye Juni na Julai tunazozijua, suruali ya sufu ni akili. Ina joto asubuhi na haikupikii mchana. Mkunjo wa pasi unakaa muda mrefu, na tope la masika likikauka linapukutika kwa brashi. Kasoro zake ni mbili. Nondo wanaipenda. Na dada wa kazi, au wewe mwenyewe, akiitia kwenye maji ya moto na kuifikicha, inaganda na kurudi mpaka anaivaa mtoto. Maji baridi, sabuni kidogo, usikamue, anika kivulini. Pasi iweke juu ya kitambaa chenye unyevu.

Kwa fundi sasa. Wangu yuko maeneo ya Kabwe, chini ya baraza, cherehani ya miguu. Kukata urefu ananitoza elfu tatu na kupunguza kiuno elfu tano, jinzi elfu moja juu yake kwa sababu lazima afumue kitanzi cha mkanda na lebo ya nyuma. Anapunguza kwenye mshono wa katikati. Kuna mafundi wanaokimbilia kutia vijikunjo pembeni, kazi ya robo saa. Ukivaa nyuma inapanda na pembeni inavimba. Waambie kabla hawajashika mkasi. Na hata fundi mzuri asizidishe inchi mbili kiunoni. Zaidi ya hapo mifuko ya nyuma inasogeleana mpaka inakaribia kushikana mikono, na kila aliye nyuma yako kwenye daladala anajua suruali ilikuwa ya mwingine.

Urefu ninapenda kitambaa kiguse kiatu na kufanya mkunjo mmoja mdogo. Vijana wanataka kifundo kionekane. Novemba hadi Aprili, na hili tope letu jekundu, sijui wanataka kumwonyesha nani. Vipande vinavyokatwa chini vidai. Fundi ataviweka pembeni kimyakimya kwa sababu ni akiba yake, na kwako ni akiba yako: siku msamba ukilika unazibwa kwa kitambaa kilekile, rangi ileile. Hapa sisi wafupi ndio matajiri.

Kushona mpya kabisa nimeshonesha pia, suruali ya suti ya harusi ya mdogo wangu. Kitambaa mita moja na robo kilinitosha, na ilikaa vizuri kuliko ya dukani, lakini gharama ilikuwa karibu mara mbili ya mtumba wa sufu pamoja na marekebisho. Ukishonesha, hakikisha unapimwa paja na msamba, si kiuno na urefu pekee, na usivae jinzi nzito siku ya kupimwa.

Malalamiko yangu kwa upande wa mtumba ni mawili. Asubuhi ya kufungua belo wachuuzi wanaonunua kwa jumla wanachukua nzuri kabla yako, na bei wanayokuuzia baadaye haina uhusiano na ya pale. Mzoee muuzaji mmoja, mpe namba yako na vipimo vyako, atakupigia. Mama wa SIDO ananipigia. La pili, hakuna kurudisha. Ukishatoka, umetoka.

Kwa fundi malalamiko ni moja, tarehe. Desemba ana nguo za sikukuu, Januari ana sare za shule mpaka darini, na "kesho" yake katika miezi hiyo haina maana yoyote. Mimi napeleka Februari, nalipa nusu, na nusu ya pili natoa baada ya kuivaa palepale barazani na kukaa kwenye kigoda chake.